Treni ya mfano inayokwama alfajiri: mota, mchanga au transfoma?

"Salamu, fundi. Nimejenga meza ya reli za mfano za kipimo cha HO (kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya ukubwa halisi) katika chumba cha juu cha nyumba yetu hapa Kizingo, si mbali na bahari. Meza ni plaiwudi nzima ya mita 2.4 kwa 1.2. Kufikia sasa nimekamilisha mzunguko mmoja, pointi tatu (pale reli zinapogawanyika ili treni ibadili njia), tuta la Makupa ambalo maji yake nimeyafanya kwa vanishi, na jengo la stesheni ya zamani ya Mombasa lenye paa nililokata kutoka kwenye mkebe wa soda. Kokoto za kati ya mataruma nilizifanya kwa mchanga wa ufuoni Nyali, nikaugandisha kwa gundi nyeupe ya mbao, na kwa macho unapendeza mno. Mwezi wa pili baada ya kumwaga mchanga huo, injini ilianza kukwama. Alfajiri hukwama zaidi kuliko alasiri, na mara nyingi ni palepale kwenye kona ya mbali na kwenye pointi. Nimezisugua reli kwa msasa. Treni hutembea siku mbili, kisha mambo huwa yale yale. Kandokando ya reli naona ukoga wa kijani. Transfoma nililetewa na binamu yangu kutoka Marekani. Naichomeka kupitia kigeuzi cha kushusha umeme, na hupata joto kali. Rafiki mmoja ananiambia mota imekufa, niuze injini. Mwingine ananishauri ninunue mfumo wa kidijitali wa DCC. Wa tatu anasema kazi yote ni makosa kwa kuwa reli ya zamani ya Mombasa ilikuwa ya upana wa mita moja, na HO si kipimo chake. Je, nibomoe nianze upya?"

Ndugu yangu, usibomoe, na injini usiiuze. Naona kinachokusumbua si kukwama kwa treni peke yake. Ni hofu kwamba kazi ya miezi mingi imeharibika kwa sababu usiyoijua, huku kila rafiki akikuelekeza kwenye gharama mpya. Dalili ulizozitaja karibu zote zinaelekea mahali pamoja: reli zako zinaliwa na chumvi, na chumvi hiyo imekuja na mchanga wa Nyali. Kuna dawa, na dawa yenyewe inahitaji maji, waya na subira kuliko fedha. Hata hivyo, kabla hujagusa reli yoyote kuna jambo la haraka zaidi, kwa kuwa linahusu usalama wako na wa nyumba.

Transfoma ya binamu yako imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa volti 120 wenye mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali umeme wetu wa Kenya ni volti 240 na mizunguko 50. Kigeuzi ulichonacho hushusha volti tu, mizunguko hakiibadilishi. Kiini cha chuma kilichokadiriwa kwa mizunguko 60 kinapopewa 50 hujaa sumaku kupita kiasi kilichokusudiwa, mkondo unaozunguka bure katika koili zake huongezeka, na ziada hiyo yote hutoka kama joto. Ukiongeza umri wa kifaa na hewa yetu yenye unyevu, ile ngozi inayozikinga nyaya za ndani huchoka mapema. Tena, siku mtu wa nyumbani atakapoichomeka moja kwa moja ukutani bila kigeuzi, itaungua papo hapo. Iondoe leo. Nunua adapta iliyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240 na mizunguko 50 au 60, inayotoa volti 12 za umeme wa DC na angalau ampea moja, kisha uiunganishe na kidhibiti mwendo kilichotengenezwa kwa volti hizo. Ile ya zamani usiifungue kwa nia ya kuitengeneza.

Sasa tuje kwenye injini. Mota iliyochoka haichagui mahali: hulegea kona zote, hunuka, hupata moto na huvuta umeme mwingi. Yako hukwama palepale, tena kwa saa maalumu za siku, na hilo ni jambo la njia wala si la mota. Ukitaka kuhakikisha, ilaze injini chali juu ya taulo, ugusishe nyaya mbili za umeme kwenye magurudumu yake, moja kila upande, uongeze mwendo polepole. Ikizunguka kwa ulaini alfajiri kama inavyozunguka alasiri, rafiki yako wa kwanza amekosea, na umeokoa injini nzima.

Kinachotokea mezani pako ni hiki. Chumvi hunywa maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, huanza kuyeyuka yenyewe bila kumwagiwa tone la maji, na chumvi ya bahari ina pia chumvi za magnesi ambazo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Ndiyo sababu chumvi ya mezani hushikana majira ya masika hata tukiitia punje za mchele. Mombasa unyevu hupita kiwango hicho usiku na alfajiri kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha hupungua jua linapopanda. Kwa hiyo kila alfajiri mchanga wako huwa umelowa maji ya chumvi usiyoyaona, na kila alasiri hukauka kidogo. Saa za kukwama kwa treni yako zinafuata saa hizo hizo.

Maji ya chumvi hupitisha umeme. Reli mbili zenye tofauti ya volti 12, zikikaa ndani ya maji hayo, hufanya kazi ya kemia ambayo hukuiagiza: reli iliyo upande wa chanya hupoteza madini yake kidogo kidogo. Reli nyingi za kisasa za HO ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, na ule ukoga wa kijani ni shaba iliyokwisha kuliwa. Kwa kuwa ukigeuza mwelekeo wa treni chanya nayo huhamia reli ya pili, reli zote mbili zimeathirika, ingawa huenda moja imeathirika zaidi kulingana na upande unaopenda kuiendesha.

Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu wengi wakisikia maelezo haya hudhani kwamba umeme "unavuja" mchangani na ndiyo maana treni inakosa nguvu. Sivyo. Umeme unaovuja ni kidogo mno, milampea chache tu, wakati injini ya HO inatumia mamia ya milampea. Kinachoisimamisha treni ni matokeo ya uvujaji huo: kutu iliyoingia ndani ya viungio vya reli, kwenye ndimi za pointi (vile vipande vya reli vinavyosogea), na utando uliotanda juu ya reli mahali gurudumu linapogusa. Kiungio ni kipande chembamba cha bati kilichokunjwa kuikumbatia reli. Hupitisha umeme kwa kubana tu, na kutu ikishaingia katikati, kubana huko hakusaidii tena. Aloi ya reli yenyewe ina ukinzani wa umeme unaozidi ule wa shaba kwa zaidi ya mara kumi. Hukunieleza umeunganisha nyaya ngapi, lakini seti za kuanzia kwa kawaida huja na waya mbili zinazoingia mahali pamoja tu. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, umeme unaofika kona ya mbali umepita kila kiungio cha njiani, na kila kimoja kimekata sehemu yake.

Unaweza kuthibitisha haya kwa maltimita (kifaa cha kupimia umeme) ya kawaida inayouzwa na maduka ya vifaa vya elektroniki. Kwanza, toa treni zote na taa zozote zinazopata umeme kutoka kwenye reli, ondoa nyaya za umeme kabisa, kisha pima ukinzani kati ya reli moja na nyingine alfajiri na tena alasiri. Meza iliyo safi huonyesha ukinzani mkubwa mno au kutounganika kabisa. Ikiwa alfajiri unasoma kiloomu chache na alasiri namba inapanda sana, mchanga umejishtaki wenyewe. Pili, rudisha umeme, weka injini kwenye kona ya mbali na uizuie kwa kidole kidogo tu ili ivute umeme, kisha pima volti karibu na waya zinapoingia na pale ilipo injini. Tofauti inayopita volti moja inatosha kukuonyesha hali ya viungio vyako.

Msasa uweke mbali. Naelewa kwa nini uliutumia, maana matokeo yake ya kwanza hufurahisha, lakini huacha mikwaruzo juu ya reli, na katika kila mkwaruzo gurudumu hurusha cheche ndogo zisizoonekana. Cheche hizo ndizo hutengeneza ule weusi unaouona kwenye kitambaa, na weusi hukaa ndani ya mikwaruzo usikotoka kwa urahisi. Ndiyo maana unapata siku mbili tu. Vibaya zaidi ni nyuzi za chuma za kusugulia sufuria: vipande vyake huvutwa na sumaku ya mota, huingia ndani na kuiharibu kabisa.

Kazi ya kweli inaanza kwa kuutoa mchanga. Gundi nyeupe ya mbao hulainika kwa maji ya uvuguvugu, kwa hiyo lowesha sehemu ndogo kwa wakati, usubiri, kisha uchokonoe kwa kijiti cha mbao na brashi laini, ukinyonya maji kwa kitambaa kabla hayajaingia kwenye plaiwudi. Pointi zing'oe kabisa uzisafishie mezani kwingine, kwa kuwa sehemu zake zinazosogea hazivumilii kuchokonolewa zikiwa mahali pake. Halafu suuza reli na mataruma zaidi ya mara moja. Maji unayotumia yana umuhimu mkubwa: visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, nawe utakuwa unaondoa chumvi kwa chumvi. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga mwenyewe, au maji safi ya kuongezea betri za magari, ukimweleza muuzaji wazi kwamba hutaki asidi. Acha meza ikauke chini ya feni kwa siku kadhaa, na usiharakishe.

Plaiwudi ikishakauka, ipake rangi ya mafuta au vanishi juu, chini, na hasa pembezoni, kwa maana ncha za mbao ndizo hunywa unyevu kuliko sehemu nyingine. Watu wengi hudhani reli hupinda kwa sababu ya joto. Reli ya mita tatu, joto likibadilika kwa nyuzi 10, hurefuka kwa nusu milimita tu; kinachosukuma na kuvuta zaidi ni mbao zinazovimba masika na kusinyaa wakati wa kaskazi. Kwa vyovyote vile, acha nafasi nyembamba, isiyozidi milimita moja, katika baadhi ya viungio.

Kwa kokoto mpya, hesabu ni rahisi. Kokoto za reli halisi huwa na ukubwa wa milimita 25 hadi 60 hivi. Ukigawa kwa 87 unapata chembe za kati ya milimita 0.3 na 0.7. Vumbi la kokoto za wajenzi, linalotokana na mawe ya bara yaliyosagwa, linafaa sana ukilichekecha kwa chujio mbili, moja ya kutoa vumbi laini na nyingine ya kuzuia chembe kubwa. Lioshe vivyo hivyo, na chukua maji ya suuzo la mwisho uyakaushe kwenye sahani: yakiacha ukungu mweupe, endelea kuosha. Likishakauka lipitishie sumaku iliyofungwa karatasi, utoe chembe zinazovutika, kwani zikirukia chini ya injini huingia kwenye gia. Binafsi naona rangi ya kijivu ya mawe hayo inafanana na njia ya reli halisi kuliko mchanga mweupe wa ufuoni, ambao unafaa zaidi ukiwa umeoshwa vizuri na kuwekwa kandokando ya tuta lako la Makupa, mbali na reli.

Sehemu nitakayokusihi usiikwepe ni nyaya. Pitisha chini ya meza nyaya mbili nene za shaba, za milimita mraba 1.5 au zaidi, zikiufuata mzunguko wote. Kutoka kwenye hizo, pandisha waya mwembamba hadi kila kipande cha reli, ulehemu upande wa nje wa reli ambako gurudumu halifiki. Baada ya hapo viungio vitabaki na kazi ya kuzishika reli zisiachane, na hata vikipata kutu treni haitajua. Tumia risasi ya kulehemia (ule waya unaoyeyushwa) yenye ulimbo ndani, ile ya mafundi wa redio; usitumie kabisa dawa ya asidi ya mafundi wa mabomba, ambayo katika hewa yetu itaendelea kula waya miaka yote. Lehemu ukiwa na dirisha wazi, nawa mikono kabla ya kula, na weka watoto mbali kwa kuwa waya nyingi za kulehemia bado zina madini ya risasi yenye sumu. Pointi nazo zipewe nyaya zake, kwa kuwa ndimi zake hupitisha umeme kwa kugusana tu, na ndipo unapokwama.

Usafi wa kawaida baada ya hapo ni mwepesi. Futa juu ya reli kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa waiti spiriti ya maduka ya rangi, uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha umeme kwa sababu hushika moto. Spiriti ya hospitali si chaguo zuri. Baadhi huwa na mafuta ya mbarika ambayo hubaki kwenye reli. Futa magurudumu pia, maana gurudumu chafu huichafua njia nzima kwa mzunguko mmoja. Meza ifunike kwa shuka ya pamba usipoitumia. Nailoni huzuia vumbi lakini hufungia unyevu ndani, na dirisha linalopokea upepo wa kusi moja kwa moja kutoka baharini ni heri lifungwe.

Kuhusu DCC, rafiki yako hakukosea kuusifu. Mfumo huo hukuwezesha kuendesha treni kadhaa kwenye reli moja, kila moja kwa amri yake, na injini ikiwekewa kapasita ya akiba (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) huvuka sehemu chafu bila kusita. Lakini chipu iliyomo ndani ya injini hukatikiwa na umeme kwa sekunde ndogo tu ikaanza upya, hivyo kwenye reli zako za sasa, bila kapasita hiyo, mambo yangekuwa mabaya zaidi kwa bei kubwa zaidi. Ukiwa na mzunguko mmoja na injini moja, sioni utakachonufaika nacho mwaka huu. Safisha, weka nyaya nzuri, na nyaya hizo hizo zitaitumikia DCC siku ukiihitaji.

Rafiki wa tatu ana ukweli, na amekunyima nusu yake. HO ni uwiano wa 1:87, na reli yake ya milimita 16.5 inawakilisha upana wa milimita 1,435, yaani SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 kutoka Miritini. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa ya milimita 1,000. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 11.5, na wapenzi wa treni hutumia reli ya milimita 12, kipimo kiitwacho HOm, ambacho hutumika sana kwa reli za milimani za Uswisi. Ukiibadili, mabehewa na injini za Afrika Mashariki utalazimika kuziunda mwenyewe juu ya mitambo ya Uswisi. Ile injini kubwa ya mvuke ya Garratt ya daraja la 59, ambayo moja yake, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 30, kwa hiyo mfano wake utapita sentimita 35. Ni kazi ya miaka, na ni kazi nzuri. Njia nyingine ni kubaki na reli ulizonazo na kukubali kwamba ni pana kuliko inavyopasa; maelfu ya Waingereza nao huishi na kosa la upande wa pili, kwa kuwa majengo na treni zao ni za 1:76 juu ya reli hizo hizo za milimita 16.5, ambazo kwao ni nyembamba kuliko inavyopasa. Kwa maoni yangu, stesheni na tuta ulivyojenga vina thamani kuliko milimita hizo nne na nusu. Ukivutiwa na HOm, anza na kipande kifupi kando, chenye reli moja ya kando ya stesheni, uone kama mkono wako unaipenda kazi ya kuunda mabehewa.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ikiwa soketi ya chumba hicho hutoa cheche, ina weusi, au ukigusa kifaa chochote cha chuma unahisi umeme ukikuchoma, acha kila kitu na umwite fundi umeme mwenye leseni akague nyaya za nyumba, na umwombe afunge swichi inayokata umeme ukivuja kwa mtu. Ikiwa injini bado inasuasua kwenye lile jaribio la taulo, mpelekee fundi wa vifaa vya elektroniki apime koili za mota kabla hujanunua nyingine. Na ukiona kiwiliwili cha injini ya zamani, kile cha chuma cha kumiminwa, kimeanza kupasuka na kuvimba chenyewe, hiyo ni maradhi ya aloi ya zinki yenye uchafu wa madini ya risasi, ambayo joto na unyevu huyaharakisha. Hayana tiba, na mtu mwenye uzoefu aiangalie kwa macho akuambie ni sehemu zipi bado zinaweza kuokolewa na kuhamishiwa kwenye kiwiliwili kingine.